Somo la Nyumba: Bei ya Fundi na Thamani ya Kazi Yake

Wakulima wengi wa Thika na Ruiru wakishapata malipo ya kahawa, au mkopo kutoka chama cha akiba, jambo la kwanza wanalofikiri ni nyumba. Nao wana haki. Katika skimu zetu nyumba ya kwanza ilijengwa kwa haraka, maana mtu alikuwa akihamia shambani, na neno kubwa lilikuwa kupanda na kulipa deni la ardhi. Hata wale waliorithi mashamba yaliyogawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, wengi wao walirithi nyumba ya mbao ya vyumba viwili na jiko la nje. Sasa watoto wamekuwa watu wazima, mabati yameliwa na kutu, mbao za chini zimeliwa na mchwa, na mama amechoka kuweka sufuria juu ya kitanda kila mvua inaponyesha.

Basi mkulima huita fundi. Mara nyingi huita wawili au watatu, na hiyo ni desturi nzuri. Wa kwanza anasema shilingi 350,000. Wa pili anasema 290,000. Wa tatu hapandi hata ngazi kutazama paa. Anasimama mlangoni na kusema, "Mzee, hii ni kazi ndogo. Nipe laki mbili tu na chai ya vijana." Je, ni nani apewe kazi?

Swali hili huletwa mara kwa mara katika ofisi yetu ya ukulima, ijapokuwa kazi yetu ni miche na mbolea, wala si nyumba. Nadhani sababu ni kwamba fedha za nyumba na fedha za shamba hutoka katika mfuko mmoja. Nyumba ikila fedha mara mbili kwa kazi ile ile, kahawa haitiwi mbolea mwaka huo, na karo ya shule hutafutwa kwa kuuza ng'ombe. Kwa hivyo mwezi huu tutaacha kidogo habari za mimea, tujifunze jinsi ya kuipima bei ya fundi.

BEI YATOKA WAPI?

Bei yoyote ya ujenzi ina sehemu nne: vifaa, mishahara ya watu, uchukuzi, na faida ya fundi mwenyewe. Kama bei ya mtu mmoja iko chini sana ya wenzake, lazima moja ya sehemu hizo imepungua. Kazi yako ni kujua ni ipi.

Mfuko wa simiti wauzwa karibu bei moja katika maduka yote ya Ruiru, na lori la mawe kutoka machimbo ya Ndarugu halimpendelei fundi huyu kuliko yule. Basi fundi wa bei ya chini hakupata simiti ya bure. Huenda ataitia kidogo, au atanunua mabati membamba, au ataleta vijana ambao jana walikuwa wakichuma kahawa na leo wanaitwa mafundi. Au labda hakupima chochote, na kazi ikifika nusu atarudi kukuambia kwamba fedha zimekwisha. Huyo wa mwisho ndiye namhofia kuliko wote, maana nyumba isiyo na paa haiwezi kungoja, naye ajua hivyo.

Lakini tusiwe wepesi wa kudharau bei ndogo. Fundi aweza kuwa na bei ndogo kwa sababu njema kabisa. Pengine anakaa kijiji cha pili, hana nauli ya kulipa. Pengine ana mbao zake za jukwaa na mashine yake ya kuchanganya zege. Pengine hana kazi mwezi huu na hataki vijana wake watawanyike. Na bei kubwa nayo si dhamana. Wapo wanaotaza gari lako, au lango lako, kisha wakakata bei. Kwa hivyo usikisie. Muulize fundi waziwazi, "Fundi, mwenzako amenitajia 290,000. Wewe wapunguza wapi?" Mwenye sababu njema ataitaja papo hapo.

ORODHA MOJA KWA WOTE

Kosa kubwa katika kulinganisha bei ni kulinganisha vitu ambavyo si sawa. Fundi wa kwanza alifikiri utataka mabati ya geji 28, wa pili alifikiri geji 30, na wa tatu hakufikiri. Hapo hujalinganisha mafundi. Umelinganisha fikira zao.

Kabla hujaita mtu yeyote, kaa nyumbani na mama wa nyumba, kalamu mkononi, mwandike orodha. (Msimwache mama nje ya jambo hili. Yeye ndiye anayejua nyumba inavuja wapi, na moshi wa jiko unakwenda upande gani.) Andikeni kila chumba na urefu wake, kila dirisha, unene wa sakafu, aina ya mawe, geji ya mabati, idadi ya milango, kama kuna lipu ndani na nje. Kama hamjui namna ya kuandika vitu vya kazi, mlipeni fundi mzee mmoja nusu siku aje kupima na kuwaandikia. Kisha toeni nakala, kila fundi apewe karatasi ile ile, naye aandike bei mbele ya kila jambo badala ya kutaja jumla peke yake. Atakayekataa kuandika, mshukuruni kwa kuja, na mmwache aende zake.

Karatasi hizo zikirudi mtaona mara moja tofauti iko wapi. Huyu ameandika mifuko 12 ya simiti kwa sakafu, yule ameandika 7. Mmoja wao amekosea, au mmoja wao ana mpango.

HESABU YA SIMITI KWA DEBE

Hapa tukae kidogo, maana nyumba nyingi huharibikia hapa, na jambo lenyewe si gumu kwa mtu anayepima kahawa yake kwa debe.

Mfuko wa simiti una kilo 50. Ukiumimina wote utajaza karibu madebe mawili. Zege la sakafu na la boriti huchanganywa kwa kipimo cha moja, mbili na nne: yaani simiti sehemu moja, mchanga sehemu mbili, kokoto sehemu nne. Basi kwa kila mfuko mmoja yafaa kutia madebe 4 ya mchanga na madebe 8 ya kokoto. Maji yawe debe moja na kitu kidogo, yasipite debe moja na nusu. Na kama mchanga umenyeshewa, yapungue zaidi. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kumwaga, na vijana hulipenda kwa sababu hiyo, lakini maji yakikauka huacha vitundu vidogo, nalo huwa dhaifu.

Sasa tuseme unaongeza chumba cha futi 12 kwa 10, na sakafu ya zege unene wa inchi 4. Kwa kipimo hicho chumba chahitaji mifuko 7 hivi. Fundi akitumia mifuko 5, amekufanyia zege la moja, tatu na sita. Akitumia 4, amekufanyia zege la moja, nne na nane, ambalo lafaa kumwagwa chini ya msingi kusawazisha ardhi, lakini halifai kuwa sakafu ya kukanyagwa. Kwa macho zege hizo tatu hazina tofauti siku ya kwanza. Zote ni za kijivu, zote zimelainishwa kwa mwiko. Tofauti huonekana baada ya mwaka, sakafu inapotoa vumbi kila mama anapofagia, kisha mashimo, kisha nyufa.

Ona basi: katika chumba kizima fundi ameokoa mifuko 3 tu. Thamani ya mifuko mitatu ndiyo iliyokuharibia sakafu. Ndiyo sababu nasema mwenye nyumba, au mtu wake anayemwamini, awepo siku ya zege hata kama siku nyingine zote hayupo. Ahesabu mifuko mitupu jioni, na ahesabu madebe wakati wa kuchanganya. Kuhesabu kwa sepetu hakuaminiki, maana sepetu ya asubuhi si sawa na sepetu ya saa tisa.

Mchanga nao upimwe. Chukua chupa nyeupe, jaza mchanga nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, acha ikae saa tatu au zaidi. Mchanga utashuka chini na tope litakaa juu yake. Tope likiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, mwambie mwenye lori aurudishe au uoshwe. Simiti haishiki tope.

Zege likishamwagwa, limwagiwe maji asubuhi na jioni siku 7 kwa uchache, au lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Nguvu zake huhesabiwa kuwa zimekamilika baada ya siku 28. Kazi hii haihitaji fundi. Mtoto aliyerudi kutoka shuleni aweza kuifanya. Ni ajabu jinsi watu wanavyogombana na fundi kwa shilingi elfu moja, kisha wanasahau kumwagia zege maji, ambayo ni ya bure.

UDONGO WA CHINI

Eneo letu lina udongo wa namna mbili, na fundi wa upande mmoja aweza kuwa mgeni upande mwingine. Upande wa juu, kuelekea Gatundu na Gatanga, udongo ni mwekundu, unatulia, na haumsumbui mjenzi sana. Upande wa chini, kutoka mashariki ya Ruiru kupita Juja mpaka chini ya Thika, kuna sehemu nyingi za udongo mweusi. Huo hunywa maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha hupasuka wakati wa jua hata unaweza kutia mkono katika ufa. Nyumba iliyokalia udongo huo hupanda na kushuka nao.

Ukisikia fundi anataja bei ya msingi kwa nyumba ya udongo mweusi bila kuchimba shimo la kujaribu, jua kwamba hajui kazi hiyo. Msingi huchimbwa mpaka kufikia marumu au mwamba. Ikiwa ni futi 3, ni 3; ikiwa ni 6, ni 6. Udongo mweusi ulio chini ya sakafu hutolewa pia, na badala yake hujazwa marumu, safu kwa safu, kila safu ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa. Kama ardhi ngumu iko mbali sana, tafuta mhandisi. Ada yake ni ndogo kuliko kujenga mara mbili. Hapa bei kubwa yaweza kuwa ndiyo bei ya kweli, na bei ndogo ni ya mtu anayetaka kuujenga ukuta wako juu ya kitu kinachotembea.

Anayeongeza chumba ubavuni mwa nyumba ya zamani aangalie jambo hili zaidi. Nyumba ya zamani imekwisha tulia. Chumba kipya bado kitashuka kidogo. Zikishikanishwa ovyo, ufa utatokea pale zinapokutana. Fundi mzuri ataufikisha msingi mpya kwenye ardhi ngumu ile ile, au ataacha nafasi nyembamba ya makusudi kati ya kuta mbili na kuifunika vizuri. Muulize atafanya lipi. Tena usiache mikaratusi karibu na ukuta, na maji ya paa yaongozwe mbali kwa mifereji.

PAA, NA HADITHI YA GEJI

Katika mabati hesabu yakwenda kinyume, na wengi hudanganyika. Geji 32 si nene kuliko geji 28, ni nyembamba. Namba ikipanda, bati linapungua. Fundi akikwambia, "Mzee, nitakuwekea thelathini na mbili badala ya ishirini na nane," anakupunguzia, ingawa masikio yako yamesikia ongezeko. Tazama maandishi yaliyopigwa juu ya bati lenyewe, na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Bati lisilo na maandishi liache dukani.

Mbao za kenchi zipimwe kwa futi yako mwenyewe. Mbao inayoitwa nne kwa mbili mara nyingi ukiipima haifiki. Iwe kavu, iwe imetiwa dawa ya mchwa, isiwe na mafundo makubwa. Mbao mbichi ya msonobari ikipigwa misumari leo, mwezi ujao imejipinda, na paa limepata mawimbi.

Tuchukue sasa mfano wa hesabu. Tuseme fundi wa laki mbili atakuwekea paa litakaloanza kuvuja baada ya miaka 8, na fundi wa 290,000 atakuwekea paa la miaka 20. Gawanya. Paa la kwanza lakugharimu 25,000 kwa mwaka. Paa la pili ni 14,500 kwa mwaka. Mtu atasema, "Ni kweli, Karani, lakini hizo 90,000 za ziada sina." Haya, tuseme azikope kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, alipe kwa miezi 36. Riba yote itakuwa 16,650. Paa la pili sasa limefika 306,650, yaani kama 15,300 kwa mwaka. Bado ni rahisi kuliko lile la rahisi, na hatujahesabu magodoro yaliyolowa.

Njia nyingine, ambayo mimi naipenda kuliko kukopa, ni kupunguza kazi badala ya kupunguza ubora. Weka paa zuri mwaka huu, dari na rangi zingoje malipo ya mwaka ujao. Jenga chumba kimoja kilicho imara badala ya viwili vya wasiwasi. Nyumba yaweza kukaa bila vigae vya kung'aa miaka kumi na watu wake wakalala vizuri.

Wala si kila jengo lahitaji kitu bora. Banda la kuku, ghala la vifaa, choo cha muda, kibanda cha mlinzi wakati wa mavuno: hivyo vyaweza kupata bati la geji 32 na fundi wa bei ya chini bila hatari yoyote. Atakayekushauri uweke geji 28 juu ya kuku naye anakula fedha zako, ila kwa adabu zaidi. Tumia fedha katika msingi, zege, kenchi, mabati, mabomba na nyaya za umeme. Hifadhi katika rangi, vigae, dari za mapambo na malango makubwa. Umeme ufanywe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, wala si kijana anayejua kuunganisha redio.

Neno moja kwa wenye nyumba za zamani zenye paa la asbesto, lile la kijivu, gumu, ambalo si chuma. Nyumba nyingi za mashamba makubwa ya zamani zililiezekwa, na baadhi yetu tumezirithi. Usimruhusu fundi yeyote, wa bei yoyote, kulivunja kwa nyundo na kulitupa korongoni. Vumbi lake likivutwa huleta magonjwa ya mapafu, pamoja na saratani ambayo huenda isionekane mpaka miaka 20, 30 au 40 imepita. Kanuni za mwaka 2006 zilihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, na mwaka 2011 NEMA ilitoa mwongozo wa kuiondoa: huondolewa na watu wenye kibali, ikiwa imeloweshwa, hufungwa na kupelekwa mahali palipokubaliwa. Fundi aliyekupa bei ya chini kwa sababu "tutaiangusha siku moja" amewatoa watoto wako na vijana wake katika hesabu.

KUMJUA FUNDI

Hakuna mkulima hapa anayenunua miche ya kahawa kwa mtu asiyemjua, aliyesimama kando ya barabara. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa hapo Ruiru, inasifiwa kwa kustahimili ugonjwa wa kuoza kwa matunda na kutu ya majani. Lakini mche wa uwongo una majani kama mche wa kweli, na mkulima hujua tofauti miaka imekwisha pita. Fundi naye ni hivyo hivyo. Mpime kwa mazao yake ya zamani.

Mwombe akutajie nyumba tatu alizotengeneza, moja ya mwaka huu na mbili za miaka mitatu au minne iliyopita. Nenda mwenyewe, na ikiwezekana nenda baada ya mvua. Hiyo ya mwaka huu haitakufundisha mengi, maana kila kitu kipya ni kizuri. Tazama zile za zamani: pembe za madirisha zina nyufa? Milango inafunga bila kuinuliwa? Lipu ukiigonga inalia kama ngoma tupu? Kisha muulize mwenye nyumba, fundi akiwa hayupo, maswali mawili tu: je, bei ya mwisho ilikuwa ile ya kwanza, na alipoitwa kurekebisha, alikuja?

Sheria nayo imetusaidia. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huandikisha makontrakta katika ngazi nane, na pia huwapa vyeti mafundi wa mikono. Mtu akijiita kontrakta, mwombe namba yake na uihakikishe kwao. Namba haisemi kwamba ukuta wake ni mzuri, lakini yasema kwamba anajulikana na aweza kushtakiwa. Na kama wataka kuongeza vyumba, kuongeza ghorofa, au kuvunja ukuta unaobeba paa, pita kwanza ofisi ya kaunti upate ruhusa ya ujenzi kama sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inavyotaka. Najua foleni ni ndefu. Lakini kumbuka jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa mvua mnamo Aprili 2016 na kuua makumi ya watu. Na lile la Kirigiti, hapa hapa Kiambu, lililoanguka Septemba 2022 juu ya nyumba za majirani. Jirani wa Kirigiti hakuwa amemwajiri fundi yeyote.

MAPATANO NA MALIPO

Mkisha kubaliana, andikeni. Karatasi moja yatosha: majina na namba za vitambulisho, orodha ya kazi, bei, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, nani ananunua vifaa, nani analipa vibarua, nani atagharimia mtu akiumia kazini, na mashahidi wawili. Jambo la kuumia lisiachwe kwa aibu. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka 2007, humtafuta mwajiri. Basi ijulikane mwajiri ni nani kabla kijana hajaanguka kutoka juu ya paa.

Habari ya vifaa ina njia mbili. Waweza kumpa fundi kazi yote pamoja na vifaa, au waweza kununua vifaa mwenyewe na kumlipa kazi ya mikono tu. Kwa kazi ndogo za nyumbani naona njia ya pili ni bora, kwa kuwa utaona mwenyewe maandishi ya mabati na tarehe ya simiti. Lakini isiwe wakati wa mavuno. Mtu anayeacha kahawa mbivu mtini ili apande basi kwenda Thika kutafuta misumari amepata hasara hata kama misumari ilikuwa rahisi. Na vifaa vikiwa vyako, wizi wa usiku nao ni wako; vifungiwe.

Malipo yafuate kazi, yasiitangulie. Mathalani, kwa chumba cha kuongeza: sehemu moja msingi na sakafu vikiisha, sehemu ya pili kuta zikifika boriti ya juu ya madirisha, sehemu ya tatu paa likikamilika, na sehemu ya nne lipu na milango vikiisha. Katika kila malipo zuia sehemu moja ya kumi, itolewe baada ya miezi sita, ili mvua ya msimu mmoja ipite juu ya kazi hiyo. Fundi anayejiamini hukubali. Kwa haki pia, wewe usimcheleweshe: siku ambayo hatua imekwisha, lipa siku hiyo, maana vijana wake wanakula kila siku. Ukilipa kwa simu kumbukumbu hubaki. Ukilipa taslimu, mpe kitabu atie sahihi.

Kazi ya paa na ya msingi ipangwe Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba, kabla mvua haijaanza. Fundi anayeitwa Aprili ana haki ya kuomba zaidi, na mwenye nyumba aliyelowa hana nguvu ya kubishana.

HESABU ZA KUFANYA KATIKA KIKUNDI

1. Chumba kina futi 15 kwa 12, na sakafu ni ya unene wa inchi 4, kwa kipimo cha moja, mbili na nne. Tukikumbuka kwamba chumba cha futi 12 kwa 10 kilihitaji mifuko 7, chumba hiki chahitaji mifuko mingapi? Madebe mangapi ya mchanga, na mangapi ya kokoto? Fundi ameandika mifuko 7. Mtamwambia nini?

2. Fundi mmoja ataka 150,000 kwa paa la ghala litakalotumika miaka 5 tu, kisha libomolewe. Mwingine ataka 240,000 kwa paa la miaka 20. Ni lipi la kuchaguliwa, na kwa nini jibu si sawa na lile la nyumba?

Majibu ya hesabu ya kwanza: mifuko kumi na nusu, basi nunua 11, madebe 42 ya mchanga na 84 ya kokoto. La pili mlijadili wenyewe.